Barua Zilizokwama na Kompyuta Niliyoifuta

Mwanamke wa Kharumwa alifika maabara Jumatatu asubuhi, hata hatujamaliza kufagia. Vumbi la barabara lilikuwa limempanda hadi kwenye nyusi, na mkononi alishika stakabadhi ya sampuli iliyokunjwa mara nne. Muhtasi wetu alimkaribisha kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia kwa adabu, ila macho yake yalikuwa yananitafuta mimi. Alishaambiwa kwenye simu kwamba mambo ya barua pepe ni ya dada wa kompyuta.

"Dada, mlisema mmetuma," alianza. "Mara ya kwanza nilipopiga mkasema mmetuma. Mara ya pili mkasema mmetuma. Mwanangu anafungua simu kila siku, hakuna kitu. Sasa nimekuja mwenyewe, mnionyeshe mlikotuma."

Nilimwomba akae. Hakukaa.

Maabara yetu iko Kahama. Tunapima mawe. Mchimbaji analeta vipande kutoka kwenye duara lake, yaani shimo analochimba, tunavisaga, tunavipitisha kwenye tanuru, halafu tunamwambia jiwe lake lina dhahabu kiasi gani. Majibu tulikuwa tunayatoa kwa barua pepe tu. Hiyo ilikuwa amri ya mkurugenzi, na ilikuwa na sababu: zamani majibu yalisomwa kwa simu, mtu akasikia, na kabla mwenye duara hajafika nyumbani watu wengine walishalizunguka shimo lake. Tangu hapo ikawa marufuku kutaja majibu kwa mdomo.

Seva ya barua pepe niliijenga mimi. Nasema hivyo kwa sababu wakati ule nilikuwa nikilisema neno hilo mara nyingi, pengine kuliko ilivyohitajika. Wenzangu wa ofisi nyingine walikuwa wanakodi huduma kwa makampuni ya mbali. Mimi nilimshawishi mkurugenzi kwamba majibu ya wateja wetu yakae kwenye mashine yetu wenyewe, ndani ya chumba chetu, ufunguo mfukoni mwetu. Alikubali. Ilifanya kazi miaka miwili bila kelele, na kila mgeni akija nilikuwa namfungulia mlango wa kile chumba kidogo aone taa zinavyowaka.

Basi nilimfungulia mama wa Kharumwa skrini. Barua yake ilikuwa pale, na mbele yake neno "imetumwa". Nikamwonyesha kwa kidole. Aliinama akaangalia, kisha akanyanyuka.

"Imetumwa kwenda wapi?"

Nilimwambia huenda mtandao wa kwao ni dhaifu, huenda sanduku la mwanawe limejaa. Nilikuwa nayasema hayo bila kumwangalia usoni, maana tangu wiki iliyopita yeye alikuwa mtu wa nne kuuliza.

Muhtasi alichapa majibu kwenye karatasi, akagonga muhuri, akampa. Mama yule aliyasoma akiwa amesimama. Alikuwa ameleta sampuli za pande mbili za duara, mashariki na magharibi, kwa sababu kikundi chake kilitaka kujua kifuate upande upi. Walipoona kimya waliamua wenyewe, wakafuata mashariki. Wiki mbili wanaume sita walikuwa wanashuka na kupanda, wanapasua mwamba. Karatasi ilisema mashariki hamna kitu cha maana.

Aliikunja karatasi ile pamoja na stakabadhi yake. "Wiki mbili," alisema. Alimuaga muhtasi. Mimi hakuniaga.

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni kwake akisikiliza. Ni mtu wa miamba, amezunguka kwenye machimbo tangu ujana wake, na hapendi maneno mengi. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Wako wangapi wengine?"

Niliingia kwenye chumba cha seva nikafungua foleni, yaani mahali ambapo barua zinasubiri kutoka. Kwa kawaida foleni ina barua mbili tatu, zinapita. Siku ile niliteremka kwenye orodha, nikateremka, nikateremka, haikwisha. Hakuna hata barua moja iliyokuwa imetoka nje ya jengo letu kwa siku nyingi. Zilizokuja kwetu zilikuwa zinaingia vizuri, na sisi kwa sisi ofisini tulikuwa tunaandikiana bila shida. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Hata mimi, wateja wa kwanza walipolalamika, nilijaribu kwa kumtumia muhtasi aliyekaa hatua kumi kutoka kwangu. "Imefika, mwanangu," aliniitikia kutoka mapokezi, nami nikaridhika.

Nilisoma kumbukumbu za seva. Kila barua ilikuwa na hadithi ileile: seva yetu imejaribu kufungua mawasiliano na seva ya upande wa pili, imesubiri, muda umekwisha. Imejaribu tena, muda umekwisha.

Hapa ndipo nilipokosea, na nimeirudia saa ile kichwani mara nyingi. Seva nyingine ikikukataa, inakwambia. Inajibu kwa maneno: wewe sikupokei, wewe uko kwenye orodha ya watumaji wabaya. Mimi sikuambiwa kitu. Palikuwa na kimya kitupu, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo watu wake wamehama. Tofauti hiyo naijua. Ningeulizwa kwenye mtihani ningeiandika bila kufikiri. Lakini nilikuwa na haraka ya kumpata mwenye kosa, na nilitaka awe mtu mwingine.

Nilikwenda kuangalia kwenye zile orodha za watumaji wabaya, nikaikuta anwani ya intaneti yetu kwenye mojawapo. Moyo ulitulia. Nikasema, ndiyo hii. Mtu ameingiza kirusi humu ndani, kirusi kimetuma barua taka, dunia nzima imetufungia mlango.

Na mtu mwenyewe nilishampata. Mwezi uliopita muhtasi alinifuata akiwa na wasiwasi, akaniambia amefungua kiambatisho kutoka kwa mtu asiyemjua, kimekataa kufunguka. Nilikiangalia siku hiyo nikakifuta, nikamwambia asijali.

Muhtasi wetu ni mama wa makamo aliyetoka Maganzo. Alianza kazi na mkurugenzi kabla maabara haijawa na hata dirisha la vioo, wakati sampuli zinaandikwa kwenye daftari. Mimi nilipofika, mgeni, sina hata godoro, ni yeye aliyenitafutia chumba Nyasubi kwa jirani yake. Kila asubuhi nilikuwa nikimwamkia, "Shikamoo mama," naye, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?"

Nilitoka kwenye chumba cha seva nikaenda mapokezi. Walikuwepo wateja wawili kwenye benchi na mpimaji mmoja aliyekuja kuchukua fomu. Ningeweza kumwita pembeni.

"Mama, kile kiambatisho ulichokifungua," nilisema, "ndicho kilichotuua. Tumefungiwa kila mahali kwa sababu yako."

Alivua miwani. "Lakini nilikuambia siku ileile, na ukasema hamna neno."

"Nilisema usijali. Sikusema hamna neno. Hizi ni mashine, mama, huwezi ukawa unabonyeza bonyeza kila kinachokuja."

Mpimaji aliinamia fomu yake. Muhtasi aliikunja miwani yake, akasema kwa sauti ya chini, "Sasa unataka nifanye nini?"

"Inuka tu. Naichukua hiyo kompyuta, naifuta yote, naiweka upya."

Alisimama. Akiwa amesimama hivyo, mkono mmoja kwenye kiti, alisema, "Mna mambo yangu humo."

"Mafaili ya ofisi nimeyahifadhi, usihofu."

"Si ya ofisi. Mna mambo yangu."

Nilikuwa nimeshachomoa waya. Nilimjibu kwamba kompyuta ya ofisi si mahali pa mambo ya mtu, na kama kirusi kimo basi kimo hata kwenye hayo mambo yake. Nikaibeba. Kufuta diski nzima hakuchukui muda mrefu. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa safi kama imetoka kiwandani.

Alasiri niliandika kuomba tutolewe kwenye ile orodha. Nikamwambia mkurugenzi tatizo limejulikana, chanzo nimekiondoa, kufikia kesho barua zitatembea. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Jumanne barua hazikutembea. Wenye orodha walinijibu kwa aya mbili, nikazisoma mbiombio nikitafuta neno "mmeondolewa". Halikuwepo. Nilipiga simu kampuni inayotupa intaneti, ambayo ilikuwa imetufungia faiba majuzi tu badala ya ile antena ya zamani. Niliongea na kijana mchangamfu.

"Upande wetu kila kitu ni kijani, dada. Unaingia mtandaoni?"

"Naingia."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Barua hazitoki."

"Basi tatizo liko kwenye barua, dada yangu."

Nilipiga tena baada ya saa mbili nikapata mwingine, nikaanza kueleza upya tangu mwanzo, naye akaniambia nizime kile kisanduku chao niwashe. Nilizima, nikawasha. Nikazima seva, nikawasha. Nilibadilisha neno la siri la kila mtu ofisini, watu wakanichukia siku nzima. Nilirudisha mipangilio ya wiki iliyopita, halafu ya mwezi uliopita, halafu nikasahau ipi ni ya lini. Kila nilipoona foleni imesogea kidogo niliruka, kumbe ni barua zilizozeeka zinaachwa na seva baada ya siku tano, zimekata tamaa.

Hilo lilinisimamisha. Barua ikikata tamaa, seva humtumia mtumaji taarifa kwamba haikufika. Taarifa zilikwenda wapi? Nilizitafuta nikazikuta zote kwenye folda moja, makumi kwa makumi, hazijasomwa. Folda ile niliitengeneza mimi mwaka uliotangulia. Wakati huo muhtasi alikuwa ananiita kila mara kuniuliza kuhusu taarifa za namna hiyo, mteja amekosea herufi ya anwani, mteja sanduku lake limejaa, nami nikachoka kuitwa. Nikaandika kanuni: zote ziende huko, zisimsumbue mtu. Yeye alikuwa anauliza vizuri. Ningemwachia aendelee kuuliza, tungejua siku ya sita.

Bado sikumwambia. Alikuwa mapokezi anaandika kwa mkono kwenye daftari, maana kompyuta yake nilikuwa nimeiacha bila kuimalizia. Asubuhi hiyo nilimwamkia, aliitikia "Marahaba," akaishia hapo.

Jumatano nilikaa chini nikafanya kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekifanya kabla ya vingine vyote. Seva za barua pepe zinapokezana kwenye mlango mmoja wenye namba yake, namba ishirini na tano. Nilikaa kwenye seva yetu nikapiga hodi kwenye mlango huo wa seva moja ya mbali. Kimya. Seva nyingine, kimya. Ya tatu, kimya. Kisha nikachukua kompyuta yangu ya mkononi, nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu, nikapiga hodi palepale. Nikajibiwa papo hapo, kwa salamu kamili.

Kwa hiyo dunia haikuwa imetufungia. Barua zetu zilikuwa hazifiki hata huko barabarani. Zilikuwa zinakwamia kwenye faiba mpya.

Nilipiga simu kampuni ya intaneti mara ya nane au ya tisa, nikakataa kuongea na yeyote isipokuwa fundi. Alikuja kwenye simu mtu mzima, mpole.

"Mlango ishirini na tano?" alisema. "Huo tumeufunga, mama. Kwa wateja wote wa kifurushi chenu cha faiba. Tunazuia barua taka. Mnaoendesha seva mnatakiwa mjaze fomu mfunguliwe, na mpewe anwani ya peke yenu."

"Na kwa nini hamkuniambia?"

"Imo kwenye mkataba. Ukurasa wa tatu. Nani alisaini upande wa ufundi?"

Nilikuwa nao mkataba mezani. Ukurasa wa tatu ulikuwa na saini yangu chini, ile ndefu ninayoipenda.

"Na ile orodha ya watumaji wabaya?" niliuliza, ingawa jibu nilishaanza kulijua.

"Ah, anwani zote za kifurushi hicho zimo. Hazijafanya kosa. Wanaziweka tu kwa sababu ni za wateja wa kawaida, hazitegemewi kutuma barua zenyewe."

Nilirudi kwenye zile aya mbili nilizozisoma mbiombio. Ndivyo zilivyosema, neno kwa neno. Hapakuwa na kirusi. Hakikuwahi kuwepo.

Nilikaa kwenye kile chumba, feni ya seva inavuma, nikawa sina hamu hata ya kujaza ile fomu. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Kijana wa "kila kitu ni kijani" hakuwa amedanganya. Fundi hakuwa amenificha. Na mtu pekee niliyemgombeza mbele ya watu ndiye pekee ambaye hakuhusika na lolote.

Nilianza na mkurugenzi, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi. Alinisikiliza hadi mwisho akaniuliza itachukua siku ngapi kufunguliwa. Nikasema mbili. Akasema, "Basi kuanzia leo majibu yatachapwa, na kila mwenye simu apigiwe aje ayachukue kwa mkono wake." Nikiwa nafungua mlango akaongeza, "Mama pale mbele anajua?"

Nilimsubiri muhtasi amalize mteja. Safari hii nilimwomba tuingie chumba cha sampuli, akanifuata. Nikamwambia yote: mkataba, folda, orodha. Nikamwambia sikuwa na haki ya kumsema vile, na tena mbele ya watu.

Alisikiliza akiwa ameshika kalamu. "Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe, mama. Ni mimi."

"Nilijua si mimi. Nimekaa hapa nimefikiri siku tatu, nikasema, labda kweli ni mimi, maana mimi hizi mashine sizijui. Nikawa najua si mimi na huku naogopa ni mimi." Akafunga kalamu yake. "Sasa mambo yangu."

Nikamuuliza yalikuwa nini.

Yalikuwa nyimbo. Mama yake mzazi alikuwa mwimbaji wa kanisa kule kwao, akitunga kwa Kisukuma, na hakujua kuandika. Miaka yake ya mwisho, muhtasi alikuwa akienda Maganzo siku za mapumziko, mama anaimba, yeye anaandika kwenye karatasi, halafu wakati wa chakula cha mchana anazichapa kwenye kompyuta ya ofisi ili kwaya ya Kahama ije izitumie. Akishachapa, karatasi alikuwa anawashia jiko. Mama alikuwa amefariki mwaka uliopita.

"Zilikuwa ngapi?" niliuliza.

"Thelathini na kitu. Nyingine ninazo kichwani. Nyingine sina."

Nilisema nitajaribu kuzirudisha. Alisema, "Haya," kama mtu anayemjibu mtoto, akarudi mapokezi kwa sababu kengele ilikuwa imelia.

Ijumaa mlango ulifunguliwa, tukapewa anwani mpya. Nilikuwa nimeikodolea macho foleni barua zilipoanza kuondoka, moja, tatu, kumi, hadi ikabaki tupu. Siku nyingine ningepiga kelele za furaha. Nilizituma upya zile zilizokwisha kukata tamaa, moja moja, na kwenye kila moja niliandika samahani kwa mkono wangu, sikunakili. Mama wa Kharumwa sikumwandikia, nilimpigia. Aliniambia wameliacha lile duara, wanaume wawili wameondoka kwenye kikundi, na sampuli zake sasa anazipeleka Geita. Hakuwa na ukali. Alisema tu, "Huko unakaa unasubiri, wanakupa mkononi."

Jumamosi nilichukua diski ya ile kompyuta nikaenda nayo Shinyanga mjini kwa fundi mmoja anayesifika kwa kurudisha vilivyofutika. Aliniuliza niliifutaje, nikamweleza, akatikisa kichwa. "Umefanya kazi nzuri sana," alisema, na hakuwa anatania. Alikaa nayo siku nne. Alichokipata ni mafaili machache yasiyo na majina, mengi ni takataka tupu, alama na mistari. Mle ndani zilikuwepo nyimbo mbili nzima na nusu ya tatu.

Nilizichapa kwenye karatasi nzuri nikampelekea asubuhi. Alivaa miwani, akasoma wa kwanza midomo ikicheza bila sauti. Kwenye wa pili alichukua kalamu akasahihisha neno moja alilokuwa amelikosea wakati ule. Alisoma na ule wa nusu, akageuza karatasi kuona kama upande wa pili una kitu.

"Ni hizi tu?"

"Ni hizi tu, mama."

Aliziweka kwenye bahasha ya ofisi, bahasha akaiweka kwenye mkoba wake. Mlangoni alikuwa amesimama mzee na kifurushi cha mawe kwenye kiroba, anauliza kama ndipo hapa wanapopima. "Karibu, baba, ni hapa," muhtasi alimwambia, akavuta daftari.